Anayetafuta jamaa zake Ireland aanze na jina la kitongoji

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo ambalo Wakenya wenzangu walioolewa au kuoa ng'ambo huniuliza mara kwa mara, na ambalo linawahusu pia baadhi ya walio nyumbani ambao babu au bibi yao alitoka Ireland, nalo ni namna ya kuutafuta ukoo uliobaki kisiwani humo na kuwafikia jamaa walio hai. Mimi ni mzaliwa wa Nyeri, nimeolewa katika familia ya Boston ambayo wazee wake walihama kaunti ya Clare wakati wa ile njaa kuu ya 1845 hadi 1852, iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwatawanya wengine zaidi ya milioni moja. Kwa sasa tunaishi Limerick, na utafutaji huu nimeufanya mwenyewe.

Wengi huanza kwa kununua kipimo cha DNA kabla ya kumuuliza mzee yeyote lolote. Sikidharau kipimo hicho, lakini watu ambao babu wa babu yao ni mmoja huchangia kwa wastani chini ya asilimia moja ya DNA, na takriban mmoja kati ya kila kumi miongoni mwao haonyeshi uhusiano wowote. Familia zilizopanda meli mwaka 1847 ziko katika umbali huo au zaidi. Matokeo yake ni orodha ndefu ya majina ya watu wa Marekani na Australia ambao nao hawajui walikotoka, ilhali yule binamu anayekamua ng'ombe katika shamba la mababu huenda hajawahi kupimwa.

Kinachotakiwa kwanza ni jina la kitongoji. Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vikiwa na ekari chache tu, na kila kimoja kina mipaka yake ya tangu zamani. Kati ya 1847 na 1864 serikali, chini ya Richard Griffith, ilithamini ardhi na majengo ya nchi nzima ili kutoza kodi, ikaandika kitongoji kwa kitongoji jina la kila aliyeshika kipande cha ardhi au nyumba. Baada ya hapo makarani waliendelea kuvirekebisha vitabu hivyo kila ardhi ilipobadilisha mikono, wakilikata jina la zamani na kuandika jipya kwa wino wa rangi nyingine. Vitabu vya marekebisho vya upande wa Jamhuri vimetunzwa Dublin na vya Ireland Kaskazini viko Belfast, navyo hulifuata shamba hadi ndani ya karne ya 20. Hapa ndipo watafutaji wengi hupotea, kwa sababu humfuata aliyeondoka, wakati jamaa walio hai ni wazao wa ndugu yake aliyebaki. Anayelifuata shamba atamfikia aliyelirithi, au binti aliyeolewa kitongoji cha jirani.

Wapo wanaokata tamaa wakisikia kwamba nyaraka za Ireland ziliungua. Ni kweli, na hasara ile inaniuma hadi leo: tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi ya nyaraka iliyokuwa Four Courts, Dublin, ililipuka na kuteketea, na karibu sensa zote za 1821 hadi 1851 zikapotea humo. Hata hivyo rejista nyingi za Wakatoliki zilikuwa bado parokiani, na tangu 2015 Maktaba ya Taifa imeziweka picha zake kwenye intaneti bila malipo. Vizazi, vifo na ndoa za watu wote vilianza kusajiliwa na serikali mwaka 1864, na sensa za 1901 na 1911 zimesalimika na kusomeka bure. Msomaji asishangae akiona bibi aliyekuwa na miaka 55 katika sensa ya kwanza ana miaka 70 katika ya pili. Sheria ya 1908 ilileta pensheni kwa waliotimiza miaka 70, na wengi wao walizaliwa kabla ya kuwako vyeti vya kuzaliwa, hivyo kujiongezea umri kulikuwa rahisi.

Wakenya tunao mfano ulio karibu nasi. Rais wa zamani wa Marekani, Barack Obama, ambaye kwa upande wa baba tunamjua kwa Kogelo, kwa upande wa mama ana mzee aliyeitwa Falmouth Kearney, mwana wa fundi viatu wa kijiji cha Moneygall, kaunti ya Offaly, aliyehamia Marekani mwaka 1850. Uhusiano huo ulithibitishwa kwa rejista za kale za parokia ya Kanisa la Ireland, ambalo ni la Kianglikana, na alipozuru Moneygall mwezi Mei 2011 alipokewa na ndugu wa mbali ambaye bado aliishi hapo.

Majina nayo husaidia, hasa kwa sisi Wakikuyu. Familia nyingi za Ireland zilimpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama, kama tufanyavyo. Kwa mabinti wao walianza na bibi mzaa mama. Kwa utaratibu huo unaweza kukisia majina ya wazee wasioonekana katika rejista, ingawa pia utakuta binamu wanne wa kitongoji kimoja wote wakiitwa Patrick, na hapo jina la mama ndilo litakalowatenganisha.

Ukishampata jamaa, mwandikie barua fupi. Eleza wewe ni mzao wa nani na aliondoka lini, ambatisha nakala ya picha ya zamani yenye majina nyuma yake, uliza kama sura hizo zinafahamika, na usitaje shamba hata kidogo, kwa maana mkulima wa Clare, sawa na wa Nyeri, huingiwa na hofu anapotokea mgeni anayedai undugu. Kisha mpe muda wa kuwauliza wazee wake.

Mkenya aishiye Limerick,
Ireland