Mjomba asimdunge Mheshimiwa

Marahaba mwanangu. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu na picha nimeikuza mpaka simu ikaganda. Naandika kwa sababu bibi yako ndo kwanza kasinzia na huku Nansio tunalala chumba kimoja, nikianza kuongea ataamka aanze upya kuuliza meli imefika saa ngapi. Basi soma yote, usiruke katikati kama unavyofanya kwenye grupu la familia halafu unakuja kuuliza kitu kilichoandikwa.

Kabla sijasema lolote: mjomba wako asimdunge sindano huyo kobe. Najua Jumamosi atakuja kukuaga, najua atamwona Mheshimiwa, na najua atasema hiki kitu kidogo tu mi dawa ninayo kwenye gari. Hiyo dawa ni ya mbuzi na ng'ombe, inaitwa ivamektini, wanadungia minyoo na kupe. Mbuzi inamsaidia, kobe inamuua. Anapooza baba, miguu inalegea, shingo inatoka nje inalala chini kama kamba, mwisho pumzi inakata. Hata akisema nimepunguza nimeweka tone tu, mwambie hapana, mwambie mama kakataa, ugomvi aniletee mimi.

Sasa huo uvimbe. Unasema Jumapili haukuwepo, Jumanne ukaona kinundu kama punje ya karanga nyuma ya jicho la kulia, na leo Alhamisi ndo mimi naambiwa. Sikulaumu. Lakini una cheti cha chuo kikuu na kazi Dodoma umepata kwa akili zako mwenyewe bila kubebwa na mtu, wanawake wote wa hapa mtaani kwa bibi wanajua maana nimewatangazia, sasa mtu wa aina hiyo siku mbili nzima anaangalia kitu kinavimba anasubiri kitapoa? Halafu kobe hana uvimbe wa ghafla hivyo unavyodhani. Huyu mnyama anaficha ugonjwa mpaka mwisho, wewe unakiona leo lakini yeye anacho pengine wiki kadhaa.

Hapo nyuma ya jicho, juu ya pembe ya taya, pana kigozi cha duara, ndo sikio lake. Pakivimba upande mmoja, ukagusa ukakuta pagumu, mara nyingi ni usaha umejaa ndani ya sikio. Na usaha wa kobe si kama wetu, hautiririki. Ni mgumu mkavu, kama kiporo cha ugali, umejifunga ndani ya ngozi yake kama kokwa. Ndo maana nakwambia usimtumbue. Ukibana hautoki, unaingia ndani zaidi au unapasua unamletea sumu kwenye damu. Na vidonge peke yake havifiki humo. Dokta anampa dawa ya usingizi, anachana kidogo, anakitoa kile kitonge chote na ngozi yake iliyokifunga, anaosha tundu, ndo antibayotiki zinafuata. Usiweke maji ya moto, usiweke majivu, usiweke mafuta ya taa, na jirani akija na mshubiri mshukuru tu.

Nataka leo hii umwangalie vizuri, mchana penye jua, si usiku kwa tochi ya simu. Angalia upande wa kushoto nao umevimba? Macho yanafunguka yote? Pua ina maji au mapovu? Anapumua kwa mdomo wazi akinyoosha shingo? Halafu mgeuze kidogo kwa upande, usimlaze chali muda mrefu, uangalie ngozi pale miguu inapoingilia kwenye gamba. Mguu mmoja tu ukivimba pengine amevunjika au ameng'atwa. Lakini kama ngozi imefura pande zote, laini, inatokeza kama unga uliokandwa ukaumuka, hayo ni maji, na hapo ni figo au moyo au ini. Mpime kwenye ile mizani ya dagaa uandike. Kobe akipanda uzito huku hali, hajanenepa.

Hilo la kunenepa mimi nilishawahi kulisema. Habari za yule wa kwanza unazijua, sirudii. Ila porini hakwenda. Nadhani uliligundua siku nyingi ukaamua kunitunzia heshima. Miguu ya nyuma ilifura yote miwili, nikasema kanenepa, kumbe nilikuwa namlisha ugali na vichwa vya dagaa kila jioni kwa sababu alikuwa anavipenda na mimi nilifurahi kumwona anakula, nani aliniambia nyama inaharibu figo za kobe? Hakuna aliyeniambia na mimi sikuuliza. Na ile sindano mjomba wako hakuja nayo mwenyewe, aliitwa. Yule wa duka la dawa za mifugo aliuza bila hata kuuliza ni ya mnyama gani. Siku mbili tu. Kwa hiyo usimkasirikie mjomba, lakini asimdunge.

Mheshimiwa huyu nilijitahidi kumlisha majani. Nasema nilijitahidi. Dokta aliyekuja kukagua kuku mwaka ule aliniuliza anakula nini nikasema majani, hakuuliza majani gani nami sikusema kwamba ni yale makabichi ya nje wanayotupa pale sokoni, ya bure, kabichi kila siku na nyanya zilizoanza kulegea. Baadaye ndo nikaja kuelewa kobe akikosa vitamini A ngozi za ndani ya sikio na macho zinaharibika, vijidudu vinapata nyumba. Kwa hiyo huo uvimbe unaouona kwenye picha sina hakika umeanzia wapi, lakini kabichi nilikuwa nanunua mimi, au tuseme naokota.

Kuanzia leo apewe nyasi, nyasi nyingi kama ng'ombe, zile za nyuma ya choo zisizopigwa dawa. Majani ya maboga, matembele, maua na majani ya haibiskasi ya mama mchungaji ameshaturuhusu, karoti kidogo ya kukwangua. Mchicha si kila siku. Maganda ya mayai uyachemshe uyakaushe uyasage umnyunyizie, kalsiamu hiyo. Ugali, mkate, wali, dagaa, chakula cha mbwa, marufuku, na mdogo wako nimemwambia lakini wewe mwambie tena maana mimi kwake ni kama redio. Na msikimbilie kununua vitamini A ya sindano, nayo ikizidi ngozi yake inababuka inavuka vipande vipande, hiyo aamue dokta.

Asilale nje usiku hizi siku mbili. Mchana aote jua kwenye lile jiwe kubwa la mlangoni, ila kivuli kiwepo jirani akichoka, jioni mwingize kwenye boksi ndani. Akiwa na baridi mwili wake haupigani na ugonjwa, hata dawa haifanyi kazi inavyotakiwa. Asubuhi mwogeshe kwenye beseni maji ya vuguvugu yasiyopita kidevu, robo saa tu, ukae hapohapo usiende kuchati, akiwa hana nguvu anazama kwenye maji ya vidole viwili. Beseni liwe lake. Si lile la kuoshea mboga! Kobe hata akiwa mzima kabisa anabeba vijidudu vya kuharisha, mikono kwa sabuni, na wale watoto wa mpangaji wasimshikeshike halafu wanalamba vidole.

Kumpeleka ni kesho Ijumaa, si Jumatatu. Jumatatu wewe una basi Nyegezi na nakujua, utasema nitamwachia mdogo wangu maelekezo, mdogo wako ana mitihani na mjomba atakuwa amefika na gari lake. Piga simu kwanza kwa dokta wa mifugo, uliza swali moja, umeshawahi kutibu kobe? Akisema hapana si dhambi, muulize kama anaweza kumpigia mwenzie anayejua, pale chuo cha SUA Morogoro ndo wanakosomea udaktari wa mifugo lazima kuna mwalimu wake anamkumbuka. Lakini akisema mlete tumchome ya minyoo kwanza halafu tuone, mshukuru kata simu. Ukipata wa kumdunga antibayotiki angalia anadunga wapi, kobe wanamdunga miguu ya mbele, maana damu ya miguu ya nyuma inaweza kupitia kwenye figo kabla haijazunguka. Wewe huna haja ya kumfundisha kazi, muulize tu kwa adabu, "dokta, mbele au nyuma?" utajua kama anajua.

Mbebe kwenye boksi la biskuti lenye matundu, chini taulo la zamani, lile la kijani si jipya la wageni. Panda bajaji, bodaboda inamtikisa. Na ubebe kile kibali chake, kipo kwenye faili la bluu pamoja na hati ya kiwanja, kobe ni mali ya serikali mwanangu, askari akikusimamisha bila karatasi hiyo ni kesi ya nyara na Dodoma utaisikia redioni. Hela nimekutumia, iliyobaki usinirudishie.

Kitu kingine kama kikitokea kabla ya kesho, kuna mambo hayangoji asubuhi. Akianza kupumua mdomo wazi. Akitokwa na kitu chekundu au cheusi kwa nyuma kisirudi ndani, hapo funika na kitambaa safi chenye maji kisikauke, kimbia. Mbwa akimng'ata halafu ngozi ikafura, ukibonyeza inatoa sauti ya kupasukapasuka, hewa imeingia chini ya ngozi, kimbia. Na kumbuka huyu ni jike, miaka yote tunamwita Mheshimiwa kumbe ni mama, tumbo lake bapa halijabonyea kama la dume. Akichimbachimba na kujikamua hali akiwa hana amani huenda mayai yamekwama, na usiseme hajawahi kukutana na dume, kuku wetu nao wanataga bila jogoo.

Nakuandikia mengi, najua. Ningekuja mwenyewe na meli ya kesho ila bibi yako hawezi kuachwa, jana usiku alitaka kutoka nje aende kuanua samaki wa mwaka gani sijui, na ziwa limechafuka upepo unapiga toka juzi. Shangazi yako alisema atanipokea zamu Jumatano. Shangazi na Jumatano zake.

Luku nimenunua, namba nimemtumia mdogo wako, pasi asiache kwenye umeme. Mpangaji wa chumba cha uani hajalipa mwezi wa pili huu, usimkabili wewe unasafiri, niachie. Gunia la dagaa lipo stoo, dagaa wazuri wakavu, chukua debe moja uende nalo Dodoma usianze kununua vitu madukani kama tajiri, na yale maji yanayovuja pale kwenye dari weka ndoo. Shati jeupe lipigwe pasi kabla ya safari, si baada. Fulana za ndani nimeona umefungasha tatu. Tatu.

Na nenda jikoni kabatini, rafu ya juu, nyuma ya kopo la chumvi ya mawe, kuna kichupa kimefungwa kwenye mfuko wa rambo. Ndo kile cha wakati ule. Sijui kwa nini nilikitunza, kila nikifanya usafi nakigusa nakirudisha. Usikimwage kwenye mtaro, mtaro unashuka ziwani kwa samaki, mpe dokta kesho akiharibu anavyojua yeye. Kabla mjomba wako hajafika Jumamosi kiwe hakipo, asije akaingia jikoni kutafuta chumvi akakiona akadhani nimekiweka kwa ajili yake.

Bibi anajigeuza. Nitumie picha nyingine kesho asubuhi, umemweka juani, sarafu ya mia mbili pembeni ya uvimbe ili nione kama umekua.

Mama