Shukrani kwa Mama Aliyenisomesha Mikataba ya Margam

Natoa shukrani za dhati kwa mama ambaye sikuwahi kumwuliza jina, aliyeketi jirani nami katika chumba cha wasomaji cha Maktaba ya Taifa ya Wales, mjini Aberystwyth, nilipokwama kwenye hati za Penrice na Margam, milki kubwa za ardhi za kusini mwa Wales. Ndiye aliyenieleza kwamba upangaji wa ardhi wa “maisha matatu” haukuhesabiwa kwa miaka, bali ulidumu hadi afe wa mwisho kati ya watu watatu waliotajwa katika mkataba, na ndiyo maana wapangaji walipenda kuandikisha majina ya watoto wao. Alinionya pia kwamba kabla ya 1752 mwaka huko Wales na Uingereza ulihesabiwa kuanza tarehe 25 Machi, hivyo mkataba ulioandikwa Februari 1710 ni wa 1711 kwa hesabu yetu; kosa hilo lingenivurugia ukoo wote niliokuwa nikiufuatilia. Kisha akanisomea, kwa subira kubwa, sharti la kumpa mwenye ardhi mnyama bora wa mpangaji aliyefariki, sharti lililonihuzunisha mno nilipowafikiria wajane. Mama, Mungu akulipe kheri. Ukoo ule nimeupata, vizazi vitatu.