Bibi yenu hakuwa malaika

Wajukuu zangu,

Najua hicho kichwa kitawaudhi baadhi yenu, mniwie radhi, ila huyo mnayemwita bibi mimi nilianza kumwita dada hata wazazi wenu hawajazaliwa. Tangu tumezika naangalia stetasi zenu, picha ni ileile moja na maneno ni yaleyale, malaika wetu, hakuwahi kununa, hakuwahi kumkosea mtu. Jamani huyo ni nani? Dada yangu alikuwa anaiba kwenye karata! Anakalia kopa, ukimkamata anacheka mpaka machozi halafu anakataa katakata. Na akinuna ni wiki nzima, anakuja kuyamaliza kwa kukutuma, "kaniletee miwani yangu", ukishatumwa hivyo ujue yameisha. Mkumbukeni huyo huyo, msinitengenezee mwingine.

Na wewe ambaye mpaka leo hujalia, usijione una roho mbaya. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa mkavu kabisa, watu wakanisema, machozi yakaja miezi kibao baadaye natafuta kifungo cha shati.

Haya, kazi. Zile picha za zamani andikeni nyuma nani ni nani, tena kwa penseli laini, pembeni, maana peni inakandamiza mpaka mbele inaonekana. Juzi nimesikia mmoja wenu anasema yule kijana wa kushoto aliyeshika viatu mkononi ni jirani. Ni mimi! Njooni niulizwe nikiwa bado nipo, bibi yetu sisi hatukumuuliza kitu na leo hata jina la baba yake hakuna anayelijua. Mkitumiana hizo picha WhatsApp tumeni kama dokumenti, ukituma kawaida inapunguzwa ubora.

Halafu simu yake. Laini ikikaa muda bila kutumika kampuni inaifunga, baadaye namba anapewa mtu mwingine. Nilishawahi kupiga namba ya rafiki yangu marehemu, nimemkumbuka tu, akapokea kijana, "nani mwenzangu?", nikakata, sikuwa na la kusema. Kwa hiyo msitegemee namba, tegemeeni voisi zake, na hizo ziko kwenye simu zenu humo humo, ikiibiwa na hukufanya bakapu ndo basi tena. Zitoeni leo, muweke sehemu mbili tatu, hata zile anazofoka.

Mimi ninayo moja ya sekunde 41. Analalamika goti, goti, goti, mwisho anadhani ameshazima na unamsikia anauliza pembeni, "hivi huyu mdogo wangu anakula kweli?" Kuna mtoto anamjibu, "anakula bibi." Nimeirudia sijui mara ngapi na bado sijajua ni sauti ya nani kati yenu. Aliyejibu anipigie.

Babu yenu