Vichache, kalamu mkononi

Mhariri,

Kila Januari vijana wa kanisa letu hapa Kadutu hushindana kutaja idadi ya vitabu watakavyosoma. Mimi nawasihi wachague vichache, wavisome kalamu mkononi.

Mwaka huu nimekaa na Maungamo ya Agostino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste, Algeria ya leo, mwaka 354. Anasimulia jinsi yeye na wenzake walivyoiba mapeasi usiku, wala si kwa njaa, wakawatupia nguruwe. Hapo nilifunga kitabu nikaomba.

Sasa nasoma kitabu cha Kifaransa, La force des femmes (Nguvu ya wanawake, 2021), cha Daktari Denis Mukwege, mganga wa wanawake na mtoto wa mchungaji wa Bukavu. Mama hajui Kifaransa, basi jioni namtafsiria ukurasa kwa ukurasa. Wachapishaji, tuleteeni vitabu vya namna hii kwa Kiswahili, tafadhali.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu