Tuambiwe lami hii imepita motoni mara ngapi

Ndugu Mhariri,

Gazeti hili nimelisoma tangu ujana na sijawahi kuwaandikia. Nilipostaafu nilisema mambo ya barabara nawaachia wenye barabara. Lakini ile habari yenu ya lami ya zamani kukwanguliwa na kurudishwa barabarani imeninyima usingizi, hasa pale mlipoandika kwamba lami inaweza kukwanguliwa na kumwagwa upya mara nyingi mtu atakavyo bila kupungukiwa kitu. Si kweli. Nimekaa maabara ya vifaa vya barabara miaka 31, na lami ina umri kama sisi.

Katika kilo 100 za barabara unayoikanyaga, kama 95 ni kokoto, mchanga na vumbi la mawe. Lami yenyewe, ile gundi nyeusi, ni kilo 5 hivi, nazo ndizo zinazoshika vyote. Maabara tunaipima kwa sindano. Sampuli inalazwa kwenye maji ya nyuzi 25, sindano pamoja na uzito wake, jumla gramu 100, inaachiwa kwa sekunde 5, halafu unasoma imezama kiasi gani. Lami mpya ya daraja la 60/70 inazama milimita 6 hadi 7. Ikishapita kwenye mtambo wa kuchanganyia, penye nyuzi 150 na zaidi, sindano tayari inazama kidogo zaidi, yaani lami imekuwa ngumu. Ikikaa juani miaka 15, hewa inaendelea kuila: mafuta mepesi yaliyomo yanageuka mazito, lami inakauka, inapasuka. Nilishawahi kupima lami iliyotolewa kwenye barabara kongwe, sindano ikazama milimita 1.7 tu. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea joto la maji.

Sasa hiyo ndiyo uikwangue, uirudishe motoni, uiache juani tena miaka na miaka, kisha uikwangue mara ya pili! Kila mara meno ya mashine yanavunja kokoto, vumbi linaongezeka, na ule mpangilio wa mawe makubwa kwa madogo unaharibika. Lami kongwe nayo inagoma kuchanganyika na mpya. Inabaki imeganda kwenye jiwe lake, na mpya inaipaka kwa juu tu. Wataalamu watasema yapo mafuta ya kuilainisha. Yapo, na yanasaidia, nimeyatumia. Lakini lami iliyorudi mara mbili inadai mafuta mengi kuliko iliyorudi mara moja, na ukizidisha, lori la kwanza lenye shehena linachimba mabonde ya matairi.

Sipingi kurudisha lami. Tanzania lami yote tunaiagiza nje kwa fedha za kigeni, na kila tani ya kokoto ni kipande cha mlima. Japani sehemu kubwa ya mchanganyiko wao hutoka kwenye barabara za zamani, lakini miongozo yao ilishaweka mpaka: lami kongwe ambayo sindano haizami walau milimita 2 haifai kurudi. Wanapima kwanza.

Kilichonitia uchungu ni barabara ya mtaani kwetu. Mwaka jana malori yalikuja jioni, mengine bila turubai, yakamwaga mzigo unaofuka moshi wa buluu. Moshi ule naujua, ni wa lami iliyoungua. Rundo la makwanguo, yaani ile lami ya zamani iliyokwanguliwa na kokoto zake, nililiona mwenyewe miezi kadhaa, limelala wazi, mvua zote za masika zimelinyeshea. Makwanguo yakilowa hivyo, mtambo lazima upashe kokoto mpya kupita nyuzi 200 ili zikaushe na zipashe zile za zamani, na hapo ile lami mpya uliyoinunua kwa dola inazeeka siku hiyohiyo. Nikaenda kwa msimamizi, kijana mwenye kofia nyeupe, nikamwuliza kwa adabu, kijana wangu, lami hii imepita motoni mara ngapi? Akaniambia, “Mzee, lami ni lami.” Kesho yake saa saba mchana, jua la utosini, niliokota bonge pembeni ya barabara nikalifinya. Lami yenye afya kwenye joto lile inafuata vidole na kukuachia weusi kiganjani. Lile lilimeguka kama kashata kavu, kiganja kikabaki na vumbi. Mvua za vuli hazijaisha, kokoto zimeanza kung’oka. Mwezi wa pili bodaboda iliyombeba mjukuu wangu kwenda shule iliteleza juu ya kokoto hizo, na mpaka leo goti lake halikunji sawasawa. Nikimtazama anavyopanda ngazi namkumbuka yule kijana na jibu lake, na kusema kweli hasira inanipanda upya.

Na madereva wa malori nao mnawaacha tu. Lori likiharibika mlimani wanafungua injini palepale katikati ya lami, dizeli inamwagika, hakuna anayejali. Dizeli inayeyusha lami! Kesho yake pale mahali panachimbika kwa kidole. Wengine wanachoma matairi usiku wapate joto, na mawe waliyowekea magurudumu wanayaacha barabarani. Askari wanapita, wanasalimia, wanaondoka. Hili nalo liandikeni.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Kila rundo la makwanguo liwekwe chini ya paa la bati, lisifunikwe turubai, maana turubai linatega unyevu. Mbele yake kisimame kibao cha sentimita 60 kwa 90 chenye mistari minne: lami imetoka barabara gani, ilimwagwa mara ya kwanza mwaka gani, imepita motoni mara ngapi, na sindano imezama kiasi gani. Ikiwa haijafika milimita 2, isiguse tabaka la juu. Ikawekwe chini au kwenye mabega ya barabara, huko itatufaa. Na kibao kielekee njiani, ili hata mama anayepita na ndoo yake asome.

Kibao cha kwanza nimeshakichora mwenyewe kwa rangi ya mafuta, nafasi za majibu nimeziacha wazi. Wiki iliyopita nilikipeleka pale penye rundo. Mlinzi alikisoma chote, akaniambia mzee wangu, hili siyo langu, nikarudi nacho. Kimeegemea ukuta barazani kwangu.

Fundi sanifu mstaafu,
Kihonda, Morogoro