Makasha ya kale na haraka ya kuhama

Mhariri,

Baada ya kustaafu, mimi na mke wangu tulihama nyumba ya vyumba vitano hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, tukaingia kwenye fleti ya vyumba viwili, na vyombo vingi, yakiwamo masufuria ya shughuli, tukawagawia ndugu na majirani bila majuto. Kilichotutesa ni kasha la bibi, la msaji, lenye misumari ya shaba na droo tatu chini, ambalo hadi leo ukilifunua linanukia udi: dalali alilikadiria kwa bei ya kitanda cha kawaida, ilhali anajua fika watalii hulipa nini. Mji huu uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kwa kuwa urithi huu ni pamoja na vitu vya majumbani, naomba makumbusho yetu yawape wazee makadirio ya haki kabla hawajauza. La kwetu, kwa sasa, limeziba nusu ya mlango wa sebule.

Mstaafu,
Zanzibar