Barua kwa Mwanahawa kabla ya upasuaji wa koo

Ilala, Dar es Salaam

Shoga yangu Mwanahawa,

Assalaam alaykum. Natumai wewe, shemeji na watoto mko salama. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila mama anakohoa kidogo kwa hizi mvua.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, kisha nikaurudia ili niisikie sauti yenyewe. Inakwaruza, inakatika mwishoni mwa sentensi, na ukitaka kuipandisha inatoka pumzi tupu. Imeniuma. Wewe ndiye uliyekuwa ukianzisha kaswida kwenye maulidi, upande wa wanaume wakanyamaza wote kusikiliza. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenijibu, na kwa sasa kila neno usilolisema ni faida kwako.

Unasema daktari bingwa wa masikio, pua na koo amekupitishia kamera puani, akaona polipu, yaani kivimbe laini, upande wa kushoto wa nyuzi za sauti, na kwa kuwa mapumziko na dawa havikuisogeza anataka kuiondoa. Hofu imekuingia, na kila jirani ana lake. Unajua kazi yangu ni uuguzi wa chumba cha upasuaji, na upasuaji huu nimesimama pembeni yake mara nyingi. Rai yangu ni hii: kubali kufanyiwa, lakini usipange tarehe mpaka uwe na ruhusa ya maandishi ya kukaa nje ya darasa. Mkono wa daktari utafanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kimya chako, na hapo ndipo nimewaona walimu wenzako wengi wakishindwa, kwa sababu mkuu wa shule aliwaita kazini mapema.

Kabla ya yote, Mama Rukia asikupeleke kwa fundi wa kukata kimeo. Nakusihi kabisa. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo, unakiona ukijiangalia kwenye kioo. Nyuzi za sauti haziko huko. Ziko chini zaidi, ndani ya koromeo, pale shingoni panapopanda na kushuka ukimeza. Kukata kimeo hakuifikii polipu yako hata kidogo. Waliokatwa nimewapokea usiku wanavuja damu, wengine koo limetunga usaha, na watoto wachanga ndio wanaoteseka zaidi. Jambo hili linanikasirisha kila linapotajwa, na mwambie Mama Rukia hivyo, kwa heshima yake.

Nikueleze kinachotokea huko ndani, maana naamini ukikijua utalala usingizi. Mtu anayetajwa sana kuwa wa kwanza kuziona nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi alikuwa mwalimu kama wewe: Manuel García, Mhispania aliyefundisha kuimba Paris na London. Mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha madaktari wa meno, chenye mpini mrefu, akakiegemeza kwenye kimeo, na kwa kioo cha pili mkononi akaelekeza mwanga wa jua kooni. Akaziona zikifunguka akivuta pumzi na kukutana akitoa sauti. Aliishi mpaka 1906, akiwa na miaka 101. Napenda sana kwamba mlango wa elimu hii ulifunguliwa na mtu aliyejali kuimba.

Nyuzi zenyewe ni mikunjo miwili, na kwa mwanamke haifiki hata sentimita mbili kwa urefu. Ukiongea kawaida inakutana na kuachana mara 200 hivi kwa sekunde. Dakika moja ya kusomesha silabi ni mara 12,000. Sasa weka darasa la kwanza lililojaa, bati linapigwa na mvua, na wewe unapaza sauti ili wa nyuma wasikie. Siku moja mshipa mdogo wa damu unapasuka kwenye uzi, pale panavimba, unaendelea kuongea juu yake, uvimbe unakomaa. Hiyo ndiyo polipu, na mara nyingi huwa upande mmoja. Vile vinundu vigumu vinavyotokea pande zote mbili ni kitu kingine. Vinundu hivyo kwa kawaida huachwa vipungue kwa mapumziko na mazoezi ya sauti, na daktari anayekimbilia kuvikata ningemuuliza sababu.

Sasa kiini cha jambo. Katika miaka ya 1970 daktari wa Japani, Minoru Hirano, alionyesha kwamba uzi wa sauti una tabaka. Ndani kuna msuli, juu yake nyuzinyuzi imara, juu tena tabaka laini sana lenye ute, na mwisho ngozi nyembamba. Ngozi hiyo inateleza juu ya ute kama utandu juu ya uji, na mtelezo huo ndio unaozaa sauti nyororo. Polipu hukaa juu, kwenye tabaka la ute. Daktari mwenye mkono mzuri huishika, huikata mzizi wake pembeni kabisa, na haendi chini. Akichimba, panapopona panashika kovu, ngozi inagandamana na kilicho chini yake, na uzi unakuwa mgumu. Kovu la hapo ni gumu kulitibu kuliko polipu yenyewe. Kwa hiyo muulize daktari wako bila woga: utabakiza kiasi gani cha ngozi yangu nzima? Swali hilo halimvunjii heshima. Madaktari ninaofanya nao kazi hulifurahia.

Hutapasuliwa shingoni. Najua hilo ndilo ulilokuwa ukiliwaza. Utapewa nusu kaputi, utalazwa chali na kichwa kimerudishwa nyuma, mrija mwembamba wa kupumulia utapitishwa, kisha mrija wa chuma utapita mdomoni mpaka juu ya nyuzi na kuegemezwa ili usitikisike. Daktari anatazama kwa hadubini, na vifaa vyake ni virefu na vyembamba, mkasi wake mdogo kuliko ukucha wa mtoto. Tukiwa humo huwa hatuongei. Mara nyingi huchukua chini ya saa moja, na kipande kinachotoka hupelekwa maabara. Usiondoke hospitali bila kujua lini majibu yatakuwa tayari.

Madhara yapo, sitakuficha. Koo litauma siku kadhaa. Ulimi unaweza kufa ganzi au chakula kikakosa ladha kwa muda, kwa sababu ule mrija wa chuma unaukandamiza. Jino lililolegea linaweza kung'oka, kwa hiyo waambie habari ya jino lako la juu kabla hujaingia, wao wana kikinga meno. Na sauti inaweza isirudi yote. Mwigizaji na mwimbaji wa Uingereza, Julie Andrews, alifanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti mwaka 1997 na sauti yake ya kuimba haikurudi ilivyokuwa. Mwimbaji mwingine wa huko, Adele, naye alifanyiwa Boston, Marekani, mwishoni mwa 2011, na Februari 2012 akasimama kuimba kwenye tuzo za Grammy na kuondoka na tuzo sita. Nimekutajia wote wawili kwa sababu utasimuliwa mmoja tu, kutegemea msimuliaji anataka ukubali au ukatae.

Kuhusu shangazi yako aliyebaki na sauti ya pumzi baada ya kuondolewa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, hicho ni kisa tofauti. Neva inayoendesha uzi wa kushoto hushuka kifuani, ikazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, ndipo ikapanda tena shingoni nyuma ya tezi. Kwenye upasuaji wa rovu inaweza kuguswa, na uzi ukapooza. Wewe huguswi huko. Na shangazi asikate tamaa: Nobuhiko Isshiki wa Japani alieleza mwaka 1974 njia ya kusukuma uzi uliopooza kutoka upande wa nje ili ukutane na mwenzake, na mpaka leo hufanywa. Mwambie aende kliniki aulize.

Na yule mzee wa mtaani kwenu mwenye tundu shingoni, ambaye watoto wanamkimbia. Kwa ulivyonieleza, yeye aliondolewa koromeo zima, na upasuaji huo mara nyingi huwa ni kwa ajili ya saratani. Daktari wa upasuaji Theodor Billroth aliufanya Vienna mwisho wa mwaka 1873, na tangu hapo umeokoa maisha ya watu wengi, wavutaji wa sigara wakiwa wengi kati yao. Njia ya pumzi huhamishiwa shingoni moja kwa moja. Wengine huwekewa kilango kidogo kati ya njia ya hewa na umio, yaani njia ya chakula; mtu akiziba tundu kwa kidole, hewa inapita kwenye umio na anaongea. Tuliwahi kumhudumia mvuvi mmoja wa hivyo. Alipotamka jina la mkewe kwa mara ya kwanza, yule mama alishika kitanda kwa mikono miwili. Naomba wewe uliye mwalimu uwaambie hao watoto wamsalimie mzee wao.

Nirudi kwenye kimya. Daktari mmoja husema siku tatu, mwingine wiki nzima. Fuata wa kwako. Kimya maana yake hakuna kunong'ona pia, madaktari wengi wanakataza, wala kujikohoza kusafisha koo. Ukihisi kitu kimekwama, meza maji. Swala yako isome moyoni kwa siku hizo. Imamu wenu ukimuuliza nadhani hatakuwa na neno. Usile ukalala papo hapo, kiungulia kikipanda usiku kinaunguza palepale panapopona. Nunua daftari. Wafundishe watoto wa nyumbani kupiga makofi wakitaka kukuita, vinginevyo utajibu kwa mazoea.

Ukirudi kazini, usirudi ulivyokuwa. Wataalamu wa tiba ya sauti ni wachache kwetu, lakini ukimpata hata kwa mara chache, nenda. Darasani tumia kengele au filimbi kuwatuliza, kisha ndipo uongee. Wasogeze watoto karibu nawe kwenye mkeka unapowasomea. Omba usipangiwe gwaride la asubuhi. Na maulidi ya mwaka huu mwachie mwingine aanzishe, wewe uitikie kwa kichwa. Najua ni kazi kwako, Mwanahawa. Najua sana.

Nina ombi pia. Ukiwa na mtoto darasani ambaye sauti yake inakwaruza miezi na miezi, akipumua anakoroma hata akiwa macho, usikubali kuambiwa ni pumu tu. Kuna vinyama vya koromeo vinavyoletwa na virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na 11, na watoto wengi wanavipata wanapozaliwa. Vinaota, vinaondolewa, vinaota tena, na vikiziba njia ya hewa ni hatari. Tumepokea watoto waliotibiwa pumu kwa muda mrefu, wakaja kwetu wamechoka kupumua. Mwalimu anamsikia mtoto kila siku kuliko daktari yeyote. Mwambie mama yake ampeleke aangaliwe koo.

Sasa fanya haya: mwombe daktari aandike barua ya mapumziko kabla ya tarehe, ipeleke kwa mkuu wa shule wewe mwenyewe na shemeji awepo, yeye ndiye atakayeongea. Tarehe ikitoka nitumie ujumbe wa maandishi. Nitabadilishana zamu na mwenzangu, nije kukaa nawe siku mbili tatu za mwanzo, nipokee wageni na simu kwa niaba yako. Mama anakusalimu, na amesema atakutumia asali.

Wako akupendaye,
Zuhura